Chapa Iliyojaa Nazi

Mvua ikinyesha Quionga, watu wengine husikia mvua. Mamudo alikuwa akisikia mabati ya Kurwa. Alilala chali, mkewe kando yake amepitiwa na usingizi, na kila tone lililogonga juu lilimtajia jina la mwanaume mwingine. Kurwa ndiye aliyeyanunua mabati yale, akayavusha Mto Ruvuma kutoka Tanzania, akamlipa fundi akayapigilia. Kurwa alikuwa mume wa kwanza wa Sumaia. Mamudo ni wa pili, na kwa miaka minane alikuwa amekaa mkavu kwa hisani ya wa kwanza. Sasa mwanaume mwenye damu mwilini anaanzaje kulizoea jambo kama hilo?

Alijaribu, nisimwonee. Hakuwa mtu mbaya, Mamudo. Alikuwa mkwezi, mwembamba, nyayo ngumu, anajulikana na kila mwenye minazi kuanzia Quionga mpaka viunga vya Palma. Alikwea kwa ajili ya watu na malipo yake yalikuwa nazi: kila mnazi anaoupanda, nazi moja ni yake. Jioni alizifunga mbilimbili kwa nyuzi za makumbi ya nazi zenyewe, akazipachika kwenye baiskeli, akazipeleka nyumbani. Sumaia alizikuna, akapika, zilizobaki akazikamulia mafuta ya kuuza. Na hapa pana jambo la kulishika vizuri. Nazi za mkwezi hulala kwa mkewe. Hilo halikuandikwa popote, lakini hakuna mtoto asiyelijua. Mkwezi wa wake wawili hugawa mafungu mawili. Mkwezi ambaye nazi zake zimeanza kupungua nyumbani, watu hawaulizi kama ana mwanamke mwingine, wanauliza ni wa mtaa gani.

Jambo la pili la kulishika ni nyumba. Huku kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanaume akioa, humfuata mkewe kwao, na siku ndoa ikivunjika anatoka na nguo zake, panga lake, na baiskeli kama anayo. Alichokipigilia msumari kinabaki. Ndivyo mabati ya Kurwa yalivyobaki pale Kurwa alipotoka. Mwanaume aliyetolewa hurudi kwa mama yake, na kama mama hayupo, kwa dada. Mamudo alimwona baba yake mwenyewe akitoka hivyo kule Mocímboa da Praia, panga mkononi, anaaga majirani kana kwamba anakwenda shamba. Lakini baba yake alikuwa na kwao pa kurudi. Nyumba ya mama yake Mamudo iliungua pamoja na mtaa mzima wakati wa vita, mama akafia Pemba, ile ya upande wetu wa Ruvuma, kwenye ukimbizi, na dada yake yuko huko huko, chumba kimoja na watoto sita. Kwa hiyo mlango wa Sumaia ulikuwa ndio mlango pekee ulimwenguni ambao Mamudo angeweza kuuingia usiku. Alilijua hilo, na kulijua kulimla polepole kwa miaka yote minane.

Kisha Kurwa akarudi.

Alirudi kwa sababu ya haki kabisa. Dalila, binti yake aliyemzaa na Sumaia, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Palma, na binti haozwi bila baba wakati baba yu hai. Kurwa akaja na pikipiki yake, shati limepigwa pasi, tumbo limetangulia, gunia la mchele limefungwa nyuma. Akaleta kanga za bibi harusi, na doti moja ya mama wa bibi harusi, kama desturi inavyotaka. Mamudo alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za ng'ambo, akampa mkono. Mkono wa Kurwa ulikuwa laini, wa mtu wa kushika bidhaa na simu. Wa Mamudo ulikuwa na sugu mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Akauchukia mkono ule laini, akauchukia na wa kwake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Kurwa hakuwa na ubaya wowote. Mtu akija na ubaya unajua pa kumshika. Huyu alikuja na mchele, na masihara, na ile namna yake ya kukaa kana kwamba kila gogo ni kiti. Akasema neno fulani juu ya mama mkwe wa zamani na mbuzi wake, Sumaia akacheka. Mamudo alidhani anavijua vicheko vyote vya mke wake. Hiki hakuwa amekisikia hata siku moja. Kilikuwa cha ujana, kilitoka chini tumboni, na mwenyewe kikamshinda akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Kesho yake akaivaa ile doti mpya. Mamudo akaitazama ikipita uani huku na huku.

Siku ya tatu wazee wa ukoo walikaa kuzungumza mahari. Mjomba wa Sumaia, mzee mpole, alimwambia Mamudo kwa heshima kwamba mazungumzo ya mahari ni ya damu, asije akajisikia vibaya, ataitwa mambo yakikamilika. Mamudo akasema hapana neno. Akachukua panga na kamba yake ya miguuni, akaenda kazini. Nyuma yake Kurwa alibaki ndani, amekalia mkeka wa nyumba ile, chini ya mabati yake.

Ndiyo siku aliyoiona chapa ya Abibo, basi dogo la abiria.

Abibo alikuwa mekaniko, fundi wa magari, uwanja wake uko mwisho wa kijiji kwenye njia ya Palma. Gari lenyewe lilikuwa pale miaka mingi, Mamudo akilipita kila siku kwa baiskeli bila kuliona. Zamani lilibeba abiria kati ya Palma na Awasse, mpaka barabara ikawa ya kufia watu. Injini iliuzwa, viti viling'olewa. Lakini bodi lilikuwa zima, mlango wa kusukuma bado unafunga, vioo vyote vipo isipokuwa kimoja, na magurudumu matatu kati ya manne yana upepo. Mamudo alisimamisha baiskeli, akachungulia ndani. Akaona pa kutandika mkeka. Akaona pa kutundika panga.

Gari halina ukweni, alijiambia. Gari halina mama mkwe wala mjomba wa kukuambia utaitwa. Ukiliweka kwenye kiwanja cha mtu na mtu akakasirika, unatafuta trekta, unavutwa, unakwenda mbele. Na vita vikirudi, Mungu aepushe, nyumba yako ina magurudumu. Kwamba haina injini hakulifikiria sana. Mwenye wivu hafikirii injini.

Abibo hakucheka, maana alikuwa mfanyabiashara na mkewe alikuwa anakamua mafuta ya nazi ya kupeleka Palma. Alisema ana kijana mwingine anayelitaka gari lile afanye kibanda cha vocha, lakini akipata neno la mtu mzima atamngojea mtu mzima. Neno lenyewe lilikuwa hili: Mamudo alijaze gari nazi. Siku nazi zitakapogusa paa, nazi ni za Abibo na gari ni la Mamudo. Wakapeana mikono. Mamudo akaomba kitu kimoja tu, kwamba jambo hilo lisifike kwa Sumaia, na Abibo akaapa.

Tangu hapo mkwezi akawa anafanya kazi ya watu wawili. Alipokea minazi aliyokuwa ameikataa kwa urefu wake, ile ya upande wa pwani inayoyumba hata pasipo upepo. Alikuwa anakaribia hamsini, na jioni magoti yalitetemeka kabla hajagusa ardhi. Nazi nyingi zilikwenda kwa Abibo, chache zikafika nyumbani. Kila moja aliirusha ndani ya chapa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kila moja ilikuwa inamlenga Kurwa. Zikafunika sakafu, zikapanda, zikafika kwenye madirisha. Alipokuwa amechoka aliketi kwenye kiti cha dereva, kiti pekee kilichobaki, akawaza maisha yake ya mbele. Wazo lake lilikuwa na mwisho mmoja siku zote: Sumaia anakuja mlangoni pa gari, analia, Kurwa amekwisha kumtoroka mara ya pili, anamwomba Mamudo arudi. Mamudo anamwambia atafikiri. Alilipenda sana hilo la kufikiri, akawa analirudia hata njiani.

Kurwa naye hakuondoka. Mahari ilikuwa imekubaliwa, siku ya harusi imewekwa, na baba wa bibi harusi akaona hapana haja ya kuvuka mto na kurudi. Alilala kwa mjomba, ni kweli, lakini alishinda kwa Sumaia. Mamudo aliondoka asubuhi Kurwa anafika, akarudi jioni Kurwa anaaga. Kilichotokea katikati hakukijua, na mtu wa namna yake asichokijua hukitunga mwenyewe, tena hukitunga vibaya.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mkwezi tu anayeweza kulifanya.

Mkwezi akifika chini ya mnazi hupaza sauti kabla ya kupanda. "Mkwezi huyo! Mkwezi!" Mabafu yetu ya uani ni ya makuti na hayana paa, na aliye juu ya mnazi anaona yote ambayo Mungu ameyasitiri kwa aliye chini. Sauti ile inawapa wanawake nafasi ya kujifunika. Mkwezi asiyepaza sauti ana sababu, na watu hawajawahi kusikia sababu nzuri. Mamudo alikuwa amepaza sauti hiyo tangu ujana wake, mamia ya minazi, bila kukosa.

Siku ile akauendea mnazi wa Zulfa, jirani yao wa nyuma, akafunga kamba miguuni, akapanda kimya. Hakumtaka Zulfa wala mwanamke mwingine yeyote. Alitaka kuuona uwanja wake mwenyewe.

Aliwaona. Sumaia na Kurwa walikuwa wamesimama nje ya nyumba, wawili peke yao, vichwa vimeinuliwa. Kurwa alikuwa na fimbo, anaonyesha mabati, bati moja baada ya jingine. Sumaia anajibu kwa mkono, hili ndiyo, lile hapana. Kurwa akasema neno, na Sumaia akashika kiuno akacheka kile kicheko cha chini tumboni. Mamudo akakumbatia mnazi. Basi ndivyo, akasema moyoni. Mwenye paa anakagua paa lake kabla ya kuhamia. Akaona kila kitu kimekwisha, kimebaki yeye kuambiwa.

Aliposhuka, Zulfa alikuwa amesimama mlangoni pa bafu lake, kanga imefungwa kifuani, maji yanamchuruzika mabegani, anamtazama. Hakupiga kelele.

"Mamudo," alisema, "leo umemeza ulimi?"

Akadanganya kwamba koo linamuuma. Mkononi hakuwa na nazi hata moja. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mume wa Sumaia anapanda kimya juu ya mabafu ya wake za watu, na waliokuwa wameziona nazi zake zikipungua waliunganisha hili na lile, wakaridhika.

Jioni Sumaia alimpakulia kama kawaida, akakaa mbele yake, miguu imenyooshwa, anachambua mchele wa harusi kwenye ungo. Akauliza bila kuinua macho mbona nazi zimekuwa chache. Mamudo akasema minazi imechoka mwaka huu. Hebu fikiri: kumwambia hivyo mwanamke wa Quionga, aliyezaliwa chini ya minazi, ambaye akigeuza shingo tu anaiona imebeba mpaka makuti yameinama. Sumaia akaendelea kuchambua. Mamudo naye alitaka sana kuuliza Kurwa alikuwa anaonyesha nini kwa fimbo. Lakini akiuliza atalazimika kusema alikuwa wapi alipoona. Wakalala kila mmoja na lake, migongo imepeana. Sumaia akanyamaza siku ya pili na ya tatu, na Mamudo akakichukulia kimya kile kuwa ndio ushahidi uliokuwa umebaki.

Siku ya nne alikuwa anasukumia nazi ndani kwa dirisha lililokosa kioo, maana mlango haukufunguka tena kwa wingi wake, alipomwona anakuja. Sumaia, aliyeelekezwa na watu baiskeli ya nazi inakoishia, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, namna wanawake wanavyojifunga wanapokwenda kugombana. Alimpita, akaenda moja kwa moja kwa Abibo, akamwambia amtoe huyo mwanamke.

"Mwanamke gani, shemeji?" Abibo akauliza, spana mkononi.

Sumaia akaingia nyumbani kwa Abibo mwenyewe, akatoka. Akazunguka banda la matairi. Kisha akasimama mbele ya chapa, akapangusa vumbi la kioo kwa kiganja, akatazama ndani. Akatazama muda mrefu.

"Za nani?" akauliza.

"Zangu."

"Unamlimbikizia nani?"

Mamudo alimwambia. Alipoanza hakuweza kuacha, yakatoka yote kwa fujo: mabati, mvua, baba yake na panga mkononi, nyumba ya mama iliyoungua, mjomba na mahari ya damu, doti mpya, kicheko. Akamwambia gari ni lake nazi zikigusa paa, na kwamba zimebaki chache tu, na kwamba hatamsumbua, siku Kurwa akihamia yeye atakuwa ameshatoka. Akasema aliwaona kwa macho yake wakilikagua paa.

"Ulituona kutoka wapi?" Sumaia akauliza. Mamudo akaitazama kamba yake ya miguuni.

Sumaia akakaa juu ya tairi kuukuu. Kwa sauti ya mtu aliyechoka akamweleza kilichokuwa kinakaguliwa. Dalila atajengewa nyumba yake kando ya ile ya mama yake, kama binti yeyote anavyojengewa, na Sumaia alimwambia Kurwa ayashushe mabati yake ayapeleke kwa mtoto wake. Kurwa alisema mengine yametoboka, wakawa wanachagua yanayofaa. Kisha Kurwa akamuuliza kwa masihara yeye mwenyewe atalala chini ya nini, chini ya nyota?

"Nkamwambia mie nna mume mkwezi," Sumaia alisema. "Nkamwambia joto la chuma lako limenichosha, ntaezekewa kwa makuti ya mume wangu. Ndipo tukacheka. Nilikuwa nangoja harusi ipite nikwambie weye."

Mamudo alisimama na nazi mkononi. Katika maisha yake alikuwa ameziezeka kwa makuti nyumba za watu zisizo na idadi. Ile aliyolala hakuwahi kuigusa, hata pale bati moja lilipoanza kuvuja juu ya mtungi. Alikuwa ameusogeza mtungi.

"Kwa hiyo hapana mwanamke," Sumaia akasema.

"Wallahi hapana."

Alidhani atamwona anapumua. Badala yake aliona uso wake unafunga.

"Angekuwapo ningejua pa kuanzia," alisema. "Ningemfuata, ningemtukana, ningemchania kanga mbele za watu, na weye ungerudi nyumbani. Nimekuja nimejifunga hivi kwa ajili hiyo. Sasa hili lako nimrarue nani? Miaka minane nnakuonea wivu mie, nnamwambia kila mtu mume wangu, mume wangu. Kumbe umelala kwangu miaka minane na viatu miguuni."

Akafungua kanga kiunoni, akaitupia mabegani, akaenda zake. Hakuharakisha. Mamudo alimfuata kwa macho mpaka kona, na kwa mara ya kwanza tangu Kurwa aje hakumwona Kurwa popote.

Abibo, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, akaja akatia mkono dirishani, akapapasa juu. Akasema zimegusa. Mamudo akamwambia wavunje mapatano, amrudishie nazi zake azipeleke nyumbani, hata kama itamchukua safari kumi. Abibo akasikitika kweli, lakini nazi alikuwa amekwisha kuziahidi kwa mtu wa Palma, na lori linakuja kesho alfajiri. Mapatano ni mapatano, kaka. Akamkabidhi kitasa cha mlango, maana ufunguo hakuwa nao. Basi Mamudo akawa mwenye nyumba. Alikuwa na paa ambalo hakulipigilia mwanaume mwingine na mlango ambao hakuna ukoo wa kumtoa, na akaona hataki hata kukaa ndani yake kwa muda wa kuvuta pumzi.

Kwenye baiskeli zilikuwa zimebaki nazi za siku ile tu, jozi chache alizokuwa hajazisukumia ndani. Akazipanga vizuri, akapanda, akaelekea nyumbani. Njiani alijaribu kutunga maneno. Angesema ataanza makuti kesho. Angesema atayasuka mwenyewe, ya mara mbili, yale yasiyovuja. Alifika maneno yako tayari, akaegemeza baiskeli, na kabla hajajua anafanya nini mdomo wake ukasema:

"Hodi."

Hakuwahi kupiga hodi pale tangu aoe. Uani palikuwa na wanawake wa ukoo wanatwanga, na michi yao ilisimama hewani.

"Karibu," Sumaia akajibu kutoka ndani.

Alitoka amevaa vizuri. Akamtandikia mkeka mpya barazani, akamtaka aketi. Dalila akazipokea nazi kwa mikono miwili, akasema ahsante, Baba Mamudo. Sumaia akaleta bakuli na birika, akammiminia maji ya kunawa, taratibu, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Akaleta wali kwenye sahani ya maua, samaki mzima juu yake, umefunikwa kwa kawa. Akamuuliza habari za kazi. Akamuuliza kama minazi imezaa vizuri mwaka huu. Mamudo akasema imezaa. Sumaia akasema alhamdulillahi, akamwacha ale.

Kwa miaka minane Mamudo alikuwa akila jikoni, amechuchumaa karibu na sufuria, anagombezwa kwa kumaliza mchuzi kabla ya wengine. Sasa alikula peke yake barazani, wali mweupe, samaki mzima, na hakuna aliyemgombeza. Kutoka ndani alimsikia Sumaia anamkaripia Dalila kwa kukomba ukoko kwa vidole, na Dalila anacheka mdomo umejaa. Wivu ukampanda kifuani, mkali kuliko wowote aliowahi kumwonea Kurwa. Alimwonea wivu yule binti kwa karipio lile.

Sumaia alirudi kuondoa vyombo. Akamshukuru kwa kula.

"Utalala," akauliza, "au unakwenda?"

Mamudo alisema angependa kulala, kama pana nafasi. Alitaka kuongeza lile la makuti, lakini maneno yalikuwa yamempotea yote.

"Nafasi ipo," Sumaia akasema kwa upole. "Kwangu mgeni hafukuzwi."

Akamtandikia pale pale barazani, akamletea na mto.